Biashara Moja, Hesabu Mbili

Mwezi Juni 2025, Gerrie Fourie, akielekea kustaafu ukuu wa benki ya Capitec, alitoa kauli iliyowasha mjadala Afrika Kusini nzima. Takwimu za taifa zilikuwa zikionyesha kwamba takriban theluthi moja ya nguvukazi ya nchi haina ajira. Fourie akasema kiwango halisi huenda kinakaribia asilimia 10 tu, kwa sababu ukiingia kwenye vitongoji vya Waafrika utakuta karibu kila mtu ana kitu anachouza. Shirika la takwimu la nchi hiyo, Stats SA, likajibu kwamba wauzaji hao tayari wamo kwenye hesabu zake kama watu wenye kazi, wawe na leseni au wasiwe nayo.

Malumbano yakahamia redioni na magazetini, na karibu yote yakazunguka jambo moja: watu hawa wanahesabiwa au hawahesabiwi? Swali la pili, lililo zito zaidi, halikupata nafasi. Wao wenyewe wanahesabu nini? Mwanamke anayekaanga magwinya, yale maandazi ya Soweto, kando ya kituo cha teksi, na mwanamume mwenye teksi mbili zinazopakia abiria hatua chache kutoka kwenye karai la mwanamke huyo, wote wawili huitwa wajasiriamali. Kila mmoja akisema kwamba biashara inalipa, anamaanisha nini?

Kwenye semina jibu jepesi halikosekani. Wanaume, huelezwa, hutafuta ukuaji na utajiri. Wanawake hutafuta usalama na riziki ya watoto. Wanaume huthubutu, wanawake huogopa hasara. Maelezo hayo yana punje ya ukweli, lakini yanaanzia mwisho wa hadithi na kuufanya mwanzo. Yanachukua tofauti iliyotengenezwa na sheria, na mipango ya miji, na mgawanyo wa kazi za nyumbani, kisha yanaitundika kwenye tabia ya kuzaliwa.

Upo utafiti wa kimataifa, Global Entrepreneurship Monitor, ambao kila mwaka huwauliza watu wa nchi nyingi kwa nini wameanzisha biashara. Tangu 2019 unawapa sababu nne za kuzipima: kuleta mabadiliko duniani, kujenga utajiri mkubwa, kuendeleza desturi ya familia, na kupata riziki kwa kuwa ajira ni adimu. Afrika Kusini hiyo ya mwisho ndiyo inayoongoza, na inaongoza kwa wanawake na kwa wanaume pia. Hilo si jambo la kushangaza katika nchi ambayo, kila robo ya mwaka, takwimu za ajira huonyesha wanawake wakiwa na ukosefu wa kazi mkubwa kuliko wanaume, huku wanaume nao wakiwa katika hali ambayo nchi nyingi zingeiita janga. Kwa hiyo tukitaka kuona mahali ambapo jinsia mbili zinaachana njia, tusiangalie mlango wa kuingilia kwenye biashara. Wote waliingia kwa kusukumwa, kupitia mlango uleule. Tuangalie fedha inakwenda wapi ikishapatikana, nani ana haki ya kuidai, na nani anaweza kuipanua bila kuomba ruhusa.

Kituo cha teksi cha Noord, katikati ya Johannesburg, kinaonyesha jambo hili wazi kuliko ripoti yoyote. Teksi za Afrika Kusini ni magari ya abiria ambayo Dar es Salaam yangeitwa daladala na Nairobi matatu. Sekta hii ilifumuka baada ya serikali kulegeza masharti ya usafiri mwaka 1987, na leo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya Waafrika Kusini wanaotumia usafiri wa umma. Wenye magari wengi ni wanaume, madereva karibu wote ni wanaume, na wanaopanga foleni za magari wengi wao vilevile. Gari jipya hugharimu mamia ya maelfu ya randi na hununuliwa kwa mkopo. Mwenye gari hujiunga na chama cha njia, hulipa ada, halafu dereva humletea hesabu. Gari la kwanza likimaliza deni, anatafuta la pili. Mali inaonekana, ina namba ya usajili, inaweza kuwekwa dhamana benki, na inampa mwenyewe kiti na sauti kwenye mkutano wa chama. Inampa maadui pia, maana ugomvi wa njia katika mkoa wa Gauteng umeua watu wengi tangu miaka ya 1990. Hapa faida ni kitu kinachokua kwa idadi: gari moja, mawili, matano.

Pembeni mwa magari hayo wamo wanawake wenye masufuria. Wanauza uji wa asubuhi, magwinya, matumbo na pap, ule ugali wa huko, na mahindi ya kuchoma msimu ukifika. Mama wa namna hii huamka kabla ya alfajiri kwa sababu wateja wake, madereva na wafanyakazi wa ndani, nao huamka kabla ya alfajiri. Fedha inaingia kidogo kidogo, inatoka jioni ileile: unga wa kesho, nauli ya mtoto, umeme wa kununua kwa tokeni, mchango wa kikundi cha akiba. Mwisho wa mwezi hakuna kitu cha kuonyesha benki. Sufuria ni lilelile. Ukimpima kwa kipimo cha mwenye teksi, huyu mama amekwama. Ukiuliza watoto wangapi wamefika kidato cha mwisho kwa mapato ya sufuria lile, jibu linageuka kabisa.

Tofauti hii ina historia, na historia yenyewe imeandikwa. Mwaka 1933 mwanaanthropolojia Ellen Hellmann alifanya utafiti katika Rooiyard, ua mmoja wa Doornfontein, mashariki ya katikati ya jiji, wenye vyumba zaidi ya 100 na wakazi karibu 400. Kitabu chake kilitoka 1948. Alichokikuta ni kwamba mshahara wa mume pekee haukutosha kuendesha nyumba, na pengo lilizibwa na mke kwa kupika pombe. Wanawake waliifukia bia ardhini uani, ndani ya mitungi na makopo, ili polisi wasiione, wakaiuza mwisho wa wiki, na fedha ikalipa kodi ya chumba, chakula na nguo. Kila msako uliweza kumwaga mtaji wa wiki nzima, na faini ikala kilichobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1930 manispaa ya Johannesburg ilifungua kumbi zake yenyewe za bia, ikitaka mapato yaleyale yaliyokuwa yakiingia mifukoni mwa wanawake. Na Waafrika hawakuruhusiwa kununua pombe za kizungu kihalali hadi 1962, kwa hiyo nyumba za pombe, yaani shebeen, za Sophiatown, na baadaye Soweto, ziliendelea kuishi upande wa pili wa sheria, nyingi zikiendeshwa na wanawake waliojulikana mitaani kama malkia wa shebeen.

Fikiria biashara ya namna hiyo inamfundisha nini mwenyewe. Inamfundisha kwamba kukua ni kuonekana, na kuonekana ni kukamatwa. Inamfundisha kugeuza fedha haraka kuwa kitu ambacho polisi hawezi kukimwaga: karo iliyokwisha lipwa, kodi iliyokwisha lipwa, zamu yake kwenye kikundi cha akiba. Mtafiti wa leo anayeandika kwamba wanawake hawana ari ya kupanua biashara angefaa atembelee gereza la zamani la wanawake kilimani Braamfontein, ambalo sasa ni makumbusho. Miongoni mwa waliofungwa humo walikuwa wanawake waliokutwa na hatia ya kupika bia.

Kwa wanaume Waafrika ubaguzi ulibana kwa namna nyingine. Richard Maponya, mwalimu kwa mafunzo, alitaka kufungua duka la nguo Soweto mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alinyimwa leseni, hata baada ya kusaidiwa na ofisi ya mawakili ya Nelson Mandela na Oliver Tambo. Akaruhusiwa mahitaji ya kila siku tu, akaanzisha Dube Hygienic Dairy, na vijana wa baiskeli wakawa wanasambaza maziwa nyumba hadi nyumba katika kitongoji kisichokuwa na umeme. Mwaka 1963 serikali ikakaza zaidi: mfanyabiashara Mwafrika mjini asiwe na zaidi ya biashara moja, asiuze zaidi ya mahitaji ya lazima, asiunde kampuni. Alichonyimwa Maponya kilikuwa ukuaji wenyewe, na kwa sababu hiyo ukuaji ukawa ndoto ya kisiasa. Mandela alipofungua Maponya Mall huko Soweto mwaka 2007, baada ya mwenyewe kuihangaikia ardhi ile kwa zaidi ya robo karne, watu hawakushangilia maduka tu. Walishangilia ukubwa. Kwa kizazi cha wanaume wale, biashara kubwa ilikuwa ushahidi kwamba wao ni watu wazima katika nchi yao.

Mwanamke alibeba mizigo yote miwili, na wa tatu juu yake. Sheria ya mwaka 1927 ilimhesabu mke wa ndoa ya kimila kama mtoto chini ya mumewe. Hata katika ndoa za kiserikali, mume alikuwa na mamlaka juu ya mali na mikataba ya mke, mamlaka yaliyoanza kuondolewa 1984 na kufutwa kabisa 1993. Sheria mpya ya ndoa za kimila, iliyompa mke hadhi sawa, ilipitishwa 1998 na kuanza kutumika 2000. Maana yake ni kwamba mama mwenye umri wa miaka 60 anayeuza mahindi Noord leo alianza maisha yake ya utu uzima katika nchi ambayo huenda asingeweza kusaini mkataba wa mkopo bila mume. Mtu wa historia hiyo akisema faida kubwa ya biashara yake ni kutomwomba mtu fedha, hazungumzii jambo dogo.

Hapo ndipo wachumi wanapohitaji kusikilizwa, hasa wale waliokubali kurudi kwenye matokeo ya awali. Huko Sri Lanka, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waligawa ruzuku ndogo za mtaji kwa wafanyabiashara wadogo na kufuatilia mapato. Biashara za wanaume zilipanda sana. Za wanawake, kwa wastani, hazikusogea. Matokeo hayo yalizunguka dunia, na wengi wakayasoma kama hukumu: mpe mwanamume mtaji. Mwaka 2019 Arielle Bernhardt, Erica Field, Rohini Pande na Natalia Rigol waliziangalia upya takwimu za Sri Lanka, pamoja na za India na Ghana, kwa kuuliza swali ambalo mama yeyote wa Soweto angeliuliza mapema: nyumbani kuna biashara ngapi? Wakagundua kwamba mwanamke akipata mtaji katika nyumba ambayo mume naye ana biashara, mara nyingi mtaji ule huingizwa kwenye biashara ya mume. Mapato ya nyumba nzima hupanda sawasawa, awe amepewa mke au mume. Na mahali ambapo mwanamke ndiye mwenye biashara pekee nyumbani, faida yake haibaki nyuma ikilinganishwa na ya mwanamume.

Matokeo haya yanastahili kusomwa taratibu. Kipimo kilichotumika mwanzo kiliangalia daftari la biashara, kikaona sifuri, kikaandika kwamba mwanamke hazalishi. Fedha ilikuwapo; ilivuka mlango tu. Ilihesabiwa kwa jina la mtu mwingine.

Uganda imetoa mfano unaokamilisha picha. Mtafiti Emma Riley alifanya kazi na shirika la BRAC na karibu wanawake 3,000 waliokuwa wakichukua mikopo midogo. Baadhi walipewa mkopo mkononi kama kawaida; wengine walitumiwa kwenye akaunti ya simu iliyotengwa kwa ajili ya biashara. Baada ya miezi minane waliopokea kwa simu walikuwa na faida kubwa zaidi kwa asilimia 15, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na shinikizo kubwa la fedha nyumbani. Hawakufundishwa kuthubutu. Hawakupewa semina ya kujiamini. Fedha yao ilifichwa kidogo tu isionekane na kila mwenye shida, na biashara ikakua. Anayedai kwamba wanawake hawautamani ukuaji aeleze hilo.

Wanawake wa Johannesburg walishalijua hilo kabla ya kuwapo simu. Kikundi cha akiba kinachoitwa stokvel, ndugu wa upatu wa Tanzania na chama cha Kenya, ni chombo cha kuifungia fedha mahali ambapo mume, shemeji, au hata mwenyewe katika siku ya udhaifu hawezi kuifikia. NASASA, chama cha kitaifa cha vikundi hivyo kilichoanzishwa na Andrew Lukhele mwaka 1988, kwa miaka kadhaa kimekuwa kikitaja vikundi zaidi ya 800,000, wanachama zaidi ya milioni 11 na mzunguko wa takriban randi bilioni 50 kwa mwaka. Wapo wanaume ndani yake, na wapo wengi wanaonunua teksi kwa njia hiyo. Lakini wanawake ndio walioujenga utamaduni huu, na Desemba ikifika maduka ya jumla hujaa akina mama wanaogawana unga, mafuta na nyama kwa fedha waliyoichanga mwaka mzima. Benki zikiangalia vikundi hivi huona amana. Mwanachama anaona kitu kilichonusurika.

Hesabu hiyo haina sababu ya kubaki kwenye vitu vidogo. Mwaka 1994 wanawake wanne, Gloria Serobe, Louisa Mojela, Wendy Luhabe na Nomhle Canca, walianzisha kampuni ya uwekezaji ya WIPHOLD kwa mtaji wa randi 500,000. Badala ya kutafuta matajiri wachache wawe wabia, walizunguka nchi wakieleza maana ya hisa kwa wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kununua hata moja, na takriban 18,000 wakawekeza. Mwaka 1999 WIPHOLD ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Johannesburg, kampuni ya kwanza ya wanawake kufika hapo. Hapa ukuaji mkubwa ulipatikana kwa kuanza na swali la mama wa kikundi cha akiba: nani mwingine atagusa faida hii? Hadithi hii ingefaa kufundishwa katika kila shule ya biashara ya Afrika, na inaumiza kwamba inatajwa kwa nadra kuliko hadithi za wanaume waliotajirika peke yao.

Hata hivyo uchambuzi wa haki hauwezi kuwagawa watu makundi mawili ukatulia. Sibongile Sambo alikataliwa kazi ya uhudumu wa ndege kwa sababu ya kimo chake, na mwaka 2004 akaanzisha SRS Aviation, kampuni ya huduma za ndege. Hakuna aliyeweza kumwambia abaki na biashara ndogo inayoshikamana na malezi. Kampuni ya bidhaa za nywele ya Black Like Me husimuliwa kama hadithi ya Herman Mashaba, aliyeianzisha na wenzake mwaka 1985 na baadaye akawa meya wa Johannesburg. Lakini mkewe, Connie, alikuwa ndani yake tangu mwanzo, na ndiye aliyekuja kuiongoza mumewe alipogeukia mambo mengine. Upande wa pili wapo wanaume tele wanaoendesha spaza, vile viduka vya mtaani, kwa hesabu ileile ya kila jioni: ada ya mdogo wangu, dawa ya mama. Kijana wa kitongoji cha Alexandra anayeosha magari hana ndoto ya ukubwa kuliko dada yake anayesuka nywele. Ana kitu kimoja zaidi: hakuna anayetarajia aache ndoo saa 8 mchana akampokee mtoto shuleni.

Na hiki kitu kimoja ni kizito. Utafiti wa Stats SA wa mwaka 2010 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake hutumia zaidi ya mara mbili ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani zisizolipwa. Saa hizo ni mtaji. Mwenye duka ambaye saa zake za jioni zimechukuliwa hawezi kufuata bei ya jumla upande wa pili wa jiji, hawezi kuhudhuria mkutano wa chama, hawezi kusubiri ofisini cheti cha kodi. Wengi huchagua biashara kwa sababu inaruhusu kuangalia mtoto huku ukiuza, halafu wataalamu huandika kwamba wanawake hupendelea sekta zenye faida ndogo.

Kwa wahamiaji walioko Johannesburg, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili, mambo yanaongezeka ugumu. Yeoville, ukipita kwenye soko na barabara ya Rockey, utasikia Kilingala na Kiswahili cha Kongo, utaona samaki wakavu na sombe, yaani kisamvu, na saluni zinazosuka tangu asubuhi. Mwenye karatasi ya mwomba hifadhi amekuwa akipata taabu hata kufungua akaunti ya benki. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra na kuenea, watu 62 wakauawa, maduka yakaporwa. Biashara ya mgeni, mwanamke au mwanamume, hupimwa kwa swali la ziada: nikilazimika kukimbia usiku, ninabeba nini? Msusi anabeba mikono yake. Mwenye duka anaacha kila kitu. Hapa wanaume wengi wanajikuta wakiishi katika hesabu ambayo wanawake wa Rooiyard waliijua miaka 90 iliyopita, na jambo hilo linathibitisha kwamba anayefunza hesabu ya tahadhari ni hatari yenyewe.

Serikali nayo huongeza hatari hiyo kwa mkono wake. Oktoba 2013 jiji la Johannesburg liliendesha operesheni ya kusafisha mitaa na kuwafukuza maelfu ya wachuuzi, wakiwamo waliokuwa na vibali halali. Wachuuzi walikwenda mahakamani, na tarehe 5 Desemba 2013, siku ileile ambayo Mandela alifariki usiku wake, Mahakama ya Katiba iliamuru warudi kwenye sehemu zao. Mahakama hiyo imejengwa kwenye kilima kilekile, jirani na gereza la zamani la wanawake. Novemba 2024, kufuatia vifo vya watoto vilivyohusishwa na sumu kwenye chakula, wakiwamo watoto sita wa Naledi, Soweto, Rais Cyril Ramaphosa aliamuru spaza zote zisajiliwe ndani ya siku 21. Muda ukaongezwa hadi mwisho wa Februari 2025. Hakuna mzazi atakayepinga usalama wa chakula. Lakini usajili wa haraka humfaa mwenye muda wa kupanga foleni na nyaraka za nyumba kwa jina lake, na tumeshaona ni nani hukosa vyote viwili.

Pengine hapa ndipo penye maelezo ya takwimu moja inayostahili kutisha. Stats SA huwachunguza mara kwa mara wenye biashara zisizo rasmi. Mwaka 2001 wanawake walikuwa takriban 6 kati ya 10 miongoni mwao. Kufikia 2013 walikuwa chini ya nusu. Biashara ndogo, ambayo kila hotuba ya Siku ya Wanawake ya Afrika Kusini, tarehe 9 Agosti, huisifu kama ngao ya mama, imekuwa ikiwaponyoka mama wenyewe. Kadiri ajira za kiwandani na migodini zilivyopungua, wanaume nao waligeukia barabara, na wanaume wakiingia mahali huja na muda, na mara nyingi na mtaji wa kiinua mgongo. Aliyekuwa na sufuria anasogezwa pembeni.

Nchi imejaribu dawa. Mwaka 2020 Ramaphosa alitangaza lengo la kutenga asilimia 40 ya manunuzi ya serikali kwa biashara za wanawake. Nia ni njema, lakini zabuni huenda kwa aliyesajiliwa, mwenye cheti cha kodi na uwezo wa kusubiri malipo kwa miezi, na hapo mara nyingi jina la mke huandikwa kwenye fomu na fedha zikaendeshwa na mtu mwingine. Tanzania ilichagua njia tofauti: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa Aprili 2023 kwa matatizo ya usimamizi kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata. Ubora wake ni kwamba unapitia vikundi, chombo ambacho wanawake wanakijua. Upungufu wake ni uleule wa Johannesburg: mafanikio hupimwa kwa marejesho na ukubwa wa mtaji, na hakuna safu ya kuandika kilichobadilika nyumbani.

Wapo wasiopenda hoja hii kwa kuogopa kwamba kuhesabu karo na chakula kama faida ni kuwaambia wanawake waridhike na kidogo. Hofu hiyo ina haki yake, na njia za kuiondoa zinajulikana. Utafiti wa Leila Patel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, uliofanyika Doornkop, Soweto, ulionyesha kwamba ruzuku ya mtoto, iliyoanza 1998, ikiingia mkononi mwa mwanamke humpa sauti kubwa juu ya matumizi ya nyumba. Utafiti wa Uganda ulionyesha kwamba akaunti yake peke yake humpa biashara inayokua. Mwanamke aliyehakikishiwa kwamba fedha yake haitachukuliwa na mume, wala kumwagwa na askari wa jiji, hupanua biashara kama mtu mwingine yeyote.

Basi jiji la Johannesburg lianze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Liwape wapishi wa Noord, na wa kituo cha teksi cha Bara huko Soweto, maji, vyoo na vibali vya muda mrefu vyenye majina yao, kabla ya kuwapelekea askari. Mifuko ya mikopo, huko na huku kwetu, itoe fedha kwenye akaunti ya mkopaji mwenyewe, na fomu zake ziulize nyumba ilikuwa na kipato gani kabla ya mkopo na baada yake. Vituo vya malezi ya watoto vijengwe karibu na masoko na vihesabiwe kwenye bajeti ya biashara. Na wewe msomaji unayekaa kwenye kamati ya mkopo, au unayeandaa tuzo ya mjasiriamali wa mwaka katika mji wako, mwite yule mama anayesomesha watoto wanne kwa sufuria moja, umpe nafasi aeleze hesabu zake mbele ya wenye magari matano.